Bima ya Sh10,000 iliyokosa wateja: somo kutoka Igunga

Muulize mtu yeyote kwa nini hana bima ya afya, atakwambia ni ghali. Sawa. Lakini Tanzania iliwahi kuwa na bima ya kaya nzima kwa Sh10,000 au pungufu kwa mwaka, na bado wengi hawakujiunga. Kwa nini? Turudi nyuma kidogo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure. Kisha ikaja hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980, na dawa zikaadimika. Mwaka 1993 serikali ikaanza kutoza ada, ikianzia hospitali kubwa. Watoto chini ya miaka mitano na wajawazito walisamehewa, lakini kwa wengine ugonjwa sasa ulikuja na bili.

Mwaka 1996 ukajaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, wilayani Igunga, Tabora. Wazo lilikuwa zuri: kaya inalipa mara moja kwa mwaka, inapata kadi, inatibiwa kwenye zahanati na kituo cha afya. Serikali nayo ikaahidi kuongeza kiasi kilekile walichochanga wananchi, mpango ulioitwa "tele kwa tele". Sheria ya CHF ikapitishwa 2001, na wilaya nyingi zikapanga mchango wa kati ya Sh5,000 na Sh10,000.

Sasa, mbona watu hawakumiminika? Kwanza, mkulima wa pamba ana hela akishauza mavuno, halafu inafuata miezi mirefu ya mfuko mtupu. Pili, kadi ilifanya kazi karibu na nyumbani tu, na ukifika zahanati ukaambiwa dawa hakuna, mwakani hulipi tena. Tatu, na hili ndilo kubwa, kujiunga kulikuwa hiari. Penye hiari, anayeumwa anawahi, mzima anasubiri. Mfuko unabaki na wagonjwa wengi na wachangiaji wachache. Ukipandisha bei ili uokoke, wazima wachache waliobaki nao wanaondoka.

Linganisha na watumishi wa umma. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanza kazi 2001, ulikata asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Mwalimu hakuulizwa kama anajisikia mgonjwa. Wazima na wagonjwa waliingia wote kwenye chungu kimoja. Lakini NHIF yenyewe ilipofungua mlango wa hiari kwa watoto kupitia Toto Afya Kadi, yaleyale ya Igunga yakajirudia, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa shuleni.

Jirani zetu Rwanda walianza majaribio ya mfuko wa jamii 1999, baadaye wakaufanya wa lazima. Awali kila mtu alilipa faranga 1,000. Mwaka 2011 wakaona bei moja si haki, wakagawa viwango vya 2,000, 3,000 na 7,000 kulingana na hali ya kaya, na maskini zaidi wakalipiwa.

Sisi tulijaribu tena 2018 kwa CHF iliyoboreshwa, Sh30,000 kwa kaya ya watu sita, kadi ikifika hadi hospitali ya mkoa. Bado hiari. Ndipo ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, inayotaka kila mkazi awe na bima na kuunda mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, unaotegemea vyanzo kama ushuru wa pombe, soda na vipodozi.

Hapo ndipo pagumu. Mama lishe hana hati ya mshahara. Nani atasema huyu ana uwezo na yule hana? Ukikosea upande mmoja, unamlazimisha maskini alipe asichonacho. Ukikosea upande wa pili, chungu kinakauka. Mjadala wetu mwingi ni juu ya bei ya kadi, lakini historia ya Igunga inasema tuulize pia: nani mwingine yumo kwenye chungu, hela inadaiwa mwezi gani, na dirishani dawa ipo?