Mawsonia, jitu la maji baridi
Mwaka 1907 Joseph Mawson na Arthur Smith Woodward, mtaalamu wa visukuku wa Uingereza, walichapisha maelezo ya mifupa kutoka miamba ya Bahia, Brazili. Samaki huyo akaitwa Mawsonia gigas. Ni silikanti, wa ukoo mmoja na wale wanaonaswa na wavuvi wa Tanga na Komoro, ila silikanti wa leo hufikia takriban mita 2 tu, na Mawsonia hukadiriwa kuwa alizidi mita 4. Baadaye mifupa ya jamii hiyohiyo ilitambuliwa Misri, Nijeri, Moroko na Kongo. Kwangu mimi, mtawanyiko huo ni ushahidi mzito kwamba Brazili na Afrika zilikuwa nchi kavu moja, mito yake ikiwalea samaki wa asili moja, kabla Atlantiki haijafunguka.

Yupo atakayepinga akisema kwamba silikanti wa leo ni samaki wa bahari, basi babu zake wangeweza kuogelea tu kutoka pwani moja hadi nyingine. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa Mawsonia amepatikana pia Araripe, kaskazini-mashariki mwa Brazili, katika matabaka yenye dalili za maji ya chumvi. Lakini kustahimili chumvi ya mlangoni mwa mto si kuvuka bahari kuu. Mifupa ya Kongo, iliyoelezwa na Edgard Casier mwaka 1961, inatoka upande wa Ubangi, ndani kabisa ya bara; ile ya Nijeri na Moroko nayo ilizikwa katika mashapo ya mito. Tena Mawsonia hasimami peke yake. Sarcosuchus, mnyama mkubwa wa jamii ya mamba aliyeishi mitoni, ameacha mifupa Bahia na Nijeri vilevile. Samaki mmoja akionekana pande zote mbili, tunaweza kusema ni bahati; akiambatana na jirani yake wa mtoni, bahati haitoshi kuwa maelezo. Wala haishangazi kwamba Mawsonia wa Moroko, aliyeishi miaka mingi baada ya yule wa Bahia, huhesabiwa kuwa spishi tofauti, kwani mabara yalipoachana kila upande ulibaki na ukoo wake. Ndiyo maana ningependa mifupa ile ya Ubangi ichunguzwe upya kwa makini, ilinganishwe na ya Bahia mfupa kwa mfupa.