Vazi la Mbao: Istilahi Inayomsaidia Fundi

Neno la Kiingereza cladding limeshuka na ramani za nyumba kutoka Dar es Salaam hadi Lindi, na mafundi wanalitamka kladingi. Anayetaka kulieleza kwa Kiswahili husema "mbao za ukutani", "mbao za urembo" au "ukuta wa mbao". Majina hayo matatu yana kasoro moja. Hakuna linalomwambia fundi kwamba nyuma ya mbao lazima pabaki nafasi ya hewa, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua kama mbao zitadumu au zitaoza.

Nyumba ina ukuta unaobeba paa, uwe wa matofali ya kuchoma, wa bloku au wa nguzo na fito zilizokandikwa udongo. Upande wa nje wa ukuta huo hupigiliwa papi zilizosimama wima, kisha juu ya papi hupigiliwa mbao za kulala. Mbao hizi hazibebi chochote. Kazi yake ni kupokea mvua na jua ili ukuta usivipate. Maji yakipenya kwenye maungio huteremka nyuma ya mbao na kutokea chini, na hewa inayopanda katika uwazi wa sentimita mbili au mbili na nusu hukausha yaliyosalia. Lipu haifanyi hivyo. Lipu hushikana na ukuta, na maji yakiingia nyuma yake hayana pa kutokea.

Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya kufunika. Paa tunaliezeka, ukuta wa fito tunaukandika, ngoma tunaiwamba. Kukandika ni kwa udongo, na udongo haukubali uwazi. Kuwamba kunataka kitu kivutwe mpaka kikazane, ilhali ubao ukibanwa kote hupasuka. Kuezeka kulikaribia kufaa, kwa kuwa ubao wa juu huufunika wa chini kama makuti yanavyopandana, lakini msikilizaji akisikia kuezeka macho yake huenda kwenye paa. Kwangu kitenzi kinachofaa ni kuvika. Ukuta huvikwa mbao, kazi ni uvikaji, na kitu chenyewe ni vazi la mbao. Waingereza na Wajerumani nao walilitoa neno lao kwenye nguo, lakini hiyo si sababu yangu. Sababu ni kwamba vazi haligandi mwilini, na mwenye vazi anajua atalifua, atalitia kiraka na siku moja atalibadilisha. Mwenye nyumba akiambiwa "ukuta wa mbao" hudhani amemaliza kazi siku fundi anapokusanya vyombo vyake. BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, ndiyo yenye jukumu la kusanifisha istilahi, lakini istilahi za ujenzi huishi au hufa kwenye eneo la ujenzi.

Sasa tulipeleke vazi hili Nambambo, wilayani Nachingwea. Mvua huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha hufuata miezi mingi ya ukavu. Mbao huvimba msimu mmoja na kusinyaa msimu unaofuata, kila mwaka. Nachingwea iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya kiangazi, mwezi Juni na Julai, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini huungua miezi hiyo, na wa magharibi huungua kila alasiri ya mwaka. Anayetaka kuvika upande mmoja tu aanze na ule wenye kivuli au wenye baraza.

Kuhusu mti wa kuchagua, kusini hakuna uhaba wa miti mizuri. Mninga una sifa ambayo vazi la nje linaihitaji kuliko zote: hausogei sana unapolowa na kukauka. Mkongo ni mzito zaidi na mchwa hawaupendi. Mvule, ambao uwanda wa Rondo ulisifika kwao, nao huvumilia nje. Mpingo tuwaachie wachongaji na watengeneza zumari. Katika miti yote hii sifa hizo ni za kiini, ile sehemu ya ndani iliyokolea rangi. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome hutobolewa na wadudu hata kwenye mninga, kwa hiyo ubao wenye mstari mweupe pembeni usiulipie bei ya mninga. Kwa sababu hiyohiyo nyumba za mabanzi za Njombe na Mufindi huchakaa mapema: banzi ni ubavu wa gogo uliokatwa wa kwanza, na karibu lote ni sehemu nyeupe.

Bei ya mti wa asili ina historia. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia nyepesi ya kwenda bandarini, na ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza jinsi uvunaji haramu ulivyotapakaa. Mnunuzi mwaminifu huuliza leseni na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na huangalia kama mzigo umegongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Inawezekana kuvuna vizuri. Mwaka 2009 misitu ya vijiji Kilwa, Kikole ukiwamo, ilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu.

Asiyemudu mninga ana msindano wa mashambani, mathalani wa Sao Hill. Ukiwa mtupu hauwezi nje, lakini hunywa dawa vizuri, na uliotiwa dawa ya shaba kwa mgandamizo hutoka na rangi ya kijani. Kila unapoukata, paka dawa mahali ulipokata, maana dawa haifiki ndani kabisa. Dawa nyingi za aina hii zina arseniki. Vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kupikia, hata kimoja.

Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka wakidhani ni kinga, hukaa juu juu, hunuka, huchafua udongo na mvua huiondoa. Vanishi ina tatizo jingine. Hutandaza ngozi juu ya ubao, jua huipasua, maji huingia kwenye ufa na kunaswa chini yake, na baada ya hapo huna budi kuikwangua yote. Heri mafuta yanayozama ndani, yenye rangi kidogo ya kuzuia jua. Yakififia, ubao huoshwa na kupakwa tena bila kukwangua. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yaanikwe yakiwa yametandazwa, kwani yakirundikwa huweza kujiwasha yenyewe. Asiyetaka kupaka anaweza kuuacha mninga au mvule ugeuke kijivu. Kijivu hicho ni cha juu tu, si uozo.

Angalia msumari wa kawaida uliopigwa kwenye mkongo mwaka mmoja uliopita. Chini ya kichwa chake kuna mchirizi mweusi unaoshuka kama wino. Asidi za mti zimekutana na chuma na maji, na mchirizi huo hautoki kwa brashi. Tumia misumari iliyopakwa zinki au skrubu zisizoshika kutu, na kila ubao upigiliwe msumari mmoja tu kwenye kila papi ili upate kuvimba na kusinyaa.

Ubao wa chini kabisa ukae walau sentimita 20 juu ya ardhi, msingi uonekane. Uwazi huo huwazuia mchwa kujificha. Ukiona njia nyembamba ya udongo inapanda kwenye msingi, ivunje, kisha tafuta wanakotokea. Shina la mkorosho lililokufa karibu na nyumba ni mahali pa kuanzia. Paa litokeze walau sentimita 60, kwani hakuna mafuta yanayoshinda kivuli cha bati.

Kama unataka kuvika nyumba Nambambo mwaka huu, nunua mbao mvua zikikatika, zipange chini ya banda huku vijiti vikizitenganisha, zikauke kiangazi chote. Oktoba zipake mafuta pande zote nne na kwenye vichwa, kisha zipigilie. Kisha kila Oktoba inayofuata, kabla ya mvua, zunguka nyumba ukiwa na brashi, ndoo ya maji na bisibisi ya kuchoma palipolainika.