Umakini

Umakini ni hali ya kuweka akili kwenye jambo lililo mbele yako kwa wakati huo. Hujengwa kwa mazoezi: mawazo yakitoroka, mtu huyarudisha, na hakuna aibu kuyarudisha mara nyingi. Waislamu huita utulivu wa namna hiyo ndani ya swala khushuu.

Mkoani Songwe, shule nzuri kuliko zote ya umakini ni mashamba ya kahawa ya Mbozi. Arabika haiivi kwa pamoja. Tawi moja huwa na matunda mekundu, ya njano na ya kijani. Mchumaji hodari huchuma jekundu tu, moja baada ya jingine, kisha baada ya siku kadhaa huurudia mti uleule. Akikwapua tawi zima, mabichi huingia kapuni na kuharibu ladha ya kahawa.

Mjini Tunduma, katika mkoa huohuo, kazi ya kuwa makini ni ngumu zaidi. Malori ya barabara ya TANZAM hupanga foleni kuelekea Nakonde, Zambia, na wabadilisha fedha huhesabu kwacha na shilingi katikati ya honi. Anayejibu simu huku akihesabu hulazimika kuanza upya, noti ya kwanza hadi ya mwisho.