Kwinini na Sumu ya Mshale: Dawa za Moyo Zilivyopita Jirani na Bweranyange

Historia ya Bweranyange, makao makuu ya ufalme wa Karagwe, husimuliwa kwa wafalme wake, kwa ng'ombe wa chuma wa ikulu ya Omukama Rumanyika, na kwa Waarabu waliofanya biashara Kafuro. Ni sawa, lakini kuna jambo lililopita pale bila kutiliwa maanani. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walipokewa na Rumanyika. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant, ambaye mguu wake ulivimba hata asiweze kusimama, alibaki mpaka Aprili. Wageni hao walibeba kwinini kwa ajili ya homa, kama wasafiri wengi wa Kizungu wa zama zile. Hakuna aliyejua kwamba unga ule mchungu ungekuja kuwa baba wa dawa za kutuliza moyo uliopotewa na mdundo wake. Nadai hivi: dawa hizi hazikutafutwa kwa ajili ya moyo. Zilibebwa mgongoni mwa mahitaji mengine, na hadi leo zinapatikana au kukosekana kwa sababu zisizohusu moyo.

Tuanze na kwinini. Mwaka 1749 daktari Mfaransa Jean-Baptiste de Sénac alikwisha kuandika kwamba gome la mti wake hutuliza mapigo sugu ya moyo, lakini hakusikilizwa. Ilibidi aje mfanyabiashara aliyezoea maisha ya visiwa vya Mashariki ya Mbali vilivyotawaliwa na Waholanzi. Mtu huyo alimwambia daktari Karel Wenckebach kwamba huyarudisha mwenyewe mapigo yake kwenye mstari kwa gramu moja ya kwinini. Daktari hakuamini, kesho yake mgonjwa akarudi na mapigo yaliyotulia. Wenckebach aliandika habari hiyo mwaka 1914, na mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu wa kwinini kutoka gome lilelile, ina nguvu zaidi. Mgunduzi, basi, alikuwa mgonjwa, na kilichomfikisha hapo ni malaria.

Njia ya pili ilipita kusini mwetu. Miaka hiyohiyo, John Kirk alikuwa kwenye mto Shire na ziwa Nyasa pamoja na Livingstone, akichunguza sumu ya mishale ya wawindaji wa huko. Mswaki wake ulichafuka kwa sumu hiyo. Aliposugua meno alihisi uchungu mdomoni, kisha akagundua kwamba mapigo yake yamepungua kasi. Thomas Fraser wa Edinburgh aliifanyia kazi sumu hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1885 akaieleza mbele ya madaktari wa Uingereza kuwa dawa ya moyo. Kirk mwenyewe alikuja kuwa balozi Zanzibar, na huko ndiko anakokumbukwa zaidi.

Kuna watakaosema natafutia Karagwe sifa isiyo yake. Wana haki kuuliza. Hakuna mganga wa Bweranyange aliyetibu mvurugiko wa mapigo kwa maana ya leo, kwani hata Ulaya kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa hakijakuwapo. Zaidi ya hapo, dawa ya mshale hupunguza kasi ya moyo lakini haizuii mitetemo hatari ya vyumba vya chini, ikizidi, huisababisha. Nakubali yote mawili. Ila pingamizi la pili linaipa hoja yangu nguvu, kwa sababu kwinidini nayo ina tabia hiyohiyo. Mwaka 1964 Selzer na Wray walionyesha kwamba waliokuwa wakizirai kwa kuitumia walikuwa wakipata mtetemo wenyewe unaoua. Kisha mwaka 1989 jaribio kubwa la Marekani, lililohusu watu walionusurika shambulio la moyo, lilitoa fundisho chungu: dawa za enkainidi na flekainidi zilifuta mapigo ya ziada kwenye karatasi ya kipimo, lakini waliozimeza walikufa kwa wingi kuliko waliopewa vidonge vitupu. Mwindaji wa Shire hakuhitaji kuambiwa kwamba kitu kinachoushika moyo kinaweza kuusimamisha. Wataalamu walihitaji maiti kulikubali hilo.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2010 utafiti uliofanyika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa watoto wenye malaria kali hufa wachache zaidi kwa artesuneti (asilimia 8.5) kuliko kwa kwinini (asilimia 10.9), na kwinini ikaanza kushushwa rafuni kwa haki kabisa. Kwinidini ilikuwa imetangulia: kampuni kubwa iliyoitengeneza iliacha mwaka 2006. Lakini kuna wenye ugonjwa wa kurithi, uitwao Brugada, ambao dawa chache sana huzuia vifo vyao vya ghafla, na kwinidini ni mojawapo. Utafiti wa mwaka 2013 uliouliza katika nchi 131 ulikuta inapatikana kwa urahisi katika nchi 19 tu. Si kwamba ni ghali au ngumu kutengeneza. Wanaoihitaji kwa ajili ya moyo ni wachache mno kumshawishi mfanyabiashara, na homa, iliyoibeba tangu zama za misafara, imekwisha kuitua.