Kishikio kilichokaribia kukwamisha ukarabati wa Hubble

WANAANGA saba wa Marekani waliruka na chombo cha Atlantis Mei 11, 2009, kwenda kuikarabati kwa mara ya mwisho darubini ya Hubble, iliyokuwa wakati huo zaidi ya kilometa 500 juu ya ardhi. Safari hiyo ilifutwa mwaka 2004 kufuatia ajali ya Columbia iliyoua watu saba, ikarejeshwa 2006. Hofu haikuwa imekwisha. Chombo kingine, Endeavour, kiliwekwa tayari kwenda kuwaokoa.

Kazi ngumu ilikuwa kufufua kifaa cha kuchambua mwanga, kilichozimika mwaka 2004. Kifuniko chake kilifungwa kwa skrubu ndogo zaidi ya 100, na wanaanga walijizoesha kuzifungua kwa glovu nene ndani ya bwawa kubwa mjini Houston.

Mei 17, hata hivyo, kilichomkwamisha Mike Massimino ni bolti moja tu ya kishikio kilichozuia kifuniko hicho. Ilikuwa imelika kichwa. Wahandisi walijaribu kwanza ardhini, kisha wakamwagiza akivunje kwa mkono, somo ambalo bwawani halikuwamo. Kikang'oka. Kadi ya umeme iliyoharibika ikabadilishwa, na kifaa kikawaka tena.