Tsunami: Dalili za Hatari na Hatua za Kuokoa Maisha

Tsunami ni mfululizo wa mawimbi makubwa unaotokana na kusukumwa kwa ghafla kwa maji mengi ya bahari, aghalabu kufuatia tetemeko la ardhi chini ya sakafu ya bahari. Katika kina kirefu, mawimbi hayo husafiri kwa kasi inayoweza kufikia kilomita 800 kwa saa bila mabaharia kuyatambua. Yanapokaribia nchi kavu hupungua kasi na kuongezeka kimo.

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lenye ukubwa wa 9.1 lilitokea karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Tsunami iliyofuata iliua zaidi ya watu 220,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi.

Kisiwa cha Simeulue kilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kufikiwa, dakika chache tu baada ya tetemeko. Hata hivyo, kati ya wakazi wake wapatao 78,000, waliopoteza maisha ni 7. Tangu kisiwa hicho kilipopigwa na tsunami mwaka 1907, wazee wamekuwa wakiwarithisha watoto simulizi na nyimbo kuhusu “smong”, jina la wenyeji la wimbi hilo: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani.

Kuhusu wanyama, baada ya maafa hayo ilielezwa kuwa mizoga michache sana ilionekana katika Hifadhi ya Taifa ya Yala, Sri Lanka, ingawa watu wengi walifariki huko. Ni kweli kwamba tembo husikia sauti nzito ambazo sikio la binadamu halizipati, na baadhi ya wanyama huhisi mitetemo hafifu inayotangulia mtikisiko mkubwa. Lakini tembo wa eneo hilo waliokuwa wamefungwa vifaa vya kufuatilia nyendo zao hawakuonesha kuikimbia tsunami kabla haijafika. Kwa hiyo, tabia ya wanyama haipaswi kutegemewa kama tahadhari.

Kwa Afrika Mashariki, funzo ni la pekee. Tetemeko lilitokea zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Dar es Salaam, hivyo wananchi wa pwani hawakuwa na mtikisiko wa kuwaonya. Mawimbi yalichukua saa kadhaa kufika, lakini habari hazikuwafikia wengi kwa wakati. Somalia ilipoteza takribani watu 300 na Tanzania watu wasiopungua 10. Nchini Kenya, ambako watu waliondolewa katika baadhi ya fukwe, aliripotiwa kufariki mtu 1. Simeulue ilikuwa na dakika chache na maarifa. Pwani yetu ilikuwa na saa nyingi bila taarifa.

Baada ya maafa hayo, nchi za ukanda huu zilianzisha mfumo wa pamoja wa tahadhari ya tsunami chini ya uratibu wa UNESCO. Nchini Tanzania, taarifa za tahadhari hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Wananchi waishio pwani wanakumbushwa kuzingatia yafuatayo:

- Bahari ikikupwa ghafla na kwa umbali usio wa kawaida, wakati si wa maji kupwa, msishuke kuokota samaki wala kutazama. Ondokeni ufukweni mara moja.
- Kimbilieni mahali pa juu au mbali na bahari. Ikishindikana, pandeni ghorofa za juu za jengo imara.
- Vyombo vilivyo kwenye kina kirefu visirejee bandarini hadi hatari ipite.
- Msirudi baada ya wimbi la kwanza. Yanayofuata huweza kuwa makubwa zaidi na kuendelea kwa saa nyingi. Subirini tangazo rasmi.
- Wafundisheni watoto dalili hizi, na mfikishieni taarifa rasmi jirani asiye na redio wala simu.