Modemu ilivyojifunza kuisikiliza laini ya simu

Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa Smartmodem, modemu iliyopiga simu kwa amri ya kompyuta. Hata hivyo, haikuweza kuutambua mlio wa laini: ilisubiri sekunde 2, kisha ikapiga. Iwapo namba ilikuwa ikitumika, au simu haikupokewa, jibu lilikuwa lile lile, tarakimu 3: hakuna mawimbi kutoka upande wa pili. Modemu zilizofuata zikatofautisha: 6, laini haina mlio, 7, namba inatumika, 8, simu haikupokewa. Mwaka 1994 kiwango cha V.34 kiliziwezesha kuipima laini kwa milio, na kuchagua kasi inayoifaa. Ndipo mtumiaji alipojua wakati wa kupiga tena, na wakati wa kumwita fundi.